Maneno Niliyoyalainisha Bandarini Wete

Mwanangu Nasra,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo nikikushika mkono pale uwanja wa ndege, na dua nimekuombea tangu alfajiri, kwa hivyo hapa nazipita zote mbili niingie kwenye jambo. Sasa hivi alasiri imeshasaliwa. Wewe umekwenda Gando kuaga, na ninavyomjua Bi Mize, hatakuachia mpaka ule, na ukishakula hatakuachia mpaka unywe chai. Nimepata saa mbili tatu za kukaa mezani bila ya wewe kupita nyuma yangu ukaniuliza, "Mama, waandika nini?"

Sikuandikii habari za kula kwa wakati wala kufunga mlango kwa ufunguo. Hayo nimekwambia mara nyingi hata siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nimechoka kuyasema na wewe umechoka kuyasikia. Nakuandikia jambo moja tu, na kama ningepewa hiari yangu ningeingia nalo kaburini. Lakini unakwenda Kochi, Bara Hindi, kusomea ukaguzi wa meli, na Kochi ndiko aliko Bwana Pillai. Keshokutwa atakuja kukupokea na fimbo yake, mzee wa miaka themanini na kitu, akuite mjukuu, akupeleke kwake ukalale chumba walichokiacha mabinti zake. Siwezi kukuacha ulale nyumba ile hujui mama yako alimfanyia nini mwenye nyumba.

Wewe wamjua kwa kadi zake, zile zinazokuja Idi ikiwa imeshapita wiki mbili. Na waijua nyundo yake. Ile nyundo ndogo ya mpini mweusi uliyokuwa ukipasulia kokwa za kungu pale kizingitini ni yake. Ulipokuwa ukiniuliza, nilikwambia ni zawadi ya rafiki wa kazini. Sikukudanganya, ila kisa chenyewe nilikificha.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nasomesha Kiingereza skuli moja ya Chake, ofisi ya vyombo vya baharini ya Wete ilipoomba mtu wa kutafsiri. Kuna mtaalamu anakuja kutoka Bara Hindi, serikali yake imetuazima kwa miaka miwili akague vyombo na kuwafundisha wakaguzi wetu, na hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Wakanitaka mimi. Niliambiwa ni kwa mwezi mmoja. Mwezi ule ndio huu nilioumaliza majuzi, nilipostaafu, walipoandaa biriani la kuniaga.

Nilimtarajia bwana mkubwa wa suti. Akashuka mtu mfupi, mweusi kuliko mimi, taulo dogo shingoni, mkoba wa ngozi uliofungwa kwa kamba kwa sababu kishikizo kilikatika. Siku ya kwanza aliuliza mambo mawili: vyombo viko wapi, na hapa mtu anaweza kufua shati wapi. Alifua mashati yake mwenyewe muda wote aliokaa. Wafanyakazi wa nyumba ya wageni waliona ni aibu yao, wakanituma nimwambie aache. Nilimwambia kwa upole sana, na yeye akanishukuru kwa upole sana, akaendelea kufua.

Huko kwao alizaliwa kijijini, mtoto wa mwalimu, kwenye minazi na mihogo na mvua isiyokatika. Siku ya kwanza aliyoletewa muhogo wa nazi na papa alikula kidogo, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Nilidhani chakula kimemkera. Alirudi macho mekundu, akasema mama yake alikufa yeye akiwa kwenye mkutano ng'ambo, na muhogo ule ni kama aliokuwa akiupika mama huyo. Baadaye akapanda uani mti wa majani ya kutia mchuzini, mbegu alikuja nayo ndani ya soksi. Mti huo bado uko pale Wete.

Kazi yake aliianzia chini kabisa, karani wa kuandikisha mabaharia kwenye bandari kubwa ya kwao. Watu wanakuja na vyeti vilivyolowa jasho, yeye anaandika majina. Akafanya mitihani ya serikali mmoja baada ya mwingine, akapanda, akawa mkaguzi, mwisho akawa anatumwa kwenye mikutano ya mataifa yote ambako sheria za meli zinapangwa. Mimi nikidhani huko ni mahali pa fahari. Akacheka. Alisema unakaa nyuma ya kibao cha jina la nchi yako, chumba baridi, viatu vinabana, na mnabishana siku tatu juu ya ukubwa wa herufi kwenye jaketi la kujiokolea. Unarudi kwa watoto na chokoleti iliyoyeyuka mfukoni, na mkeo anakuuliza mmefanya nini huko, unamwambia tumekuza herufi. "Lakini Zuwena," alisema, "mtu yuko majini, giza, mawimbi, na anayemtafuta ana tochi moja. Herufi ile ndiyo ataiona."

Jambo moja alinihadithia tukiwa tunangoja mvua ipite ofisini. Alipokuwa kijana aliwahi kutia saini cheti cha meli bila ya kushuka chini kuitazama. Mkubwa wake alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Nikamuuliza, ikawaje? Akasema, "Hakuna kilichotokea. Ilikwenda ikarudi. Hilo ndilo lililoniogopesha." Tangu siku hiyo hakutia saini kitu ambacho hakukigonga kwa nyundo yake.

Kugonga ndiyo iliyokuwa kazi. Tulikuwa tukishuka ndani ya vyombo, mimi na buibui langu nimelifunga kiunoni, yeye mbele na tochi, anagonga bati hatua kwa hatua. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kama mtu mwenye mafua. Alinifundisha kusikia mpaka nikawa naweza kumwambia kabla hajatazama. Hizo zilikuwa siku zangu njema, Nasra. Jioni nikirudi nyumbani nanuka dizeli, bibi yako ananifungia mlango mpaka nioge uani.

Kila nikimaliza kumtafsiria, alikuwa akiniuliza neno lile lile: "Umesema yote?" Nami nikimjibu, "Ndiyo, bwana."

Sasa sikiliza. Maneno ya Bwana Pillai yalikuwa mafupi. Hana kona. Kwao huenda wanazunguka kama sisi, sijui, lakini kazini alikuwa akisema kitu kama kilivyo: hiki kimeoza, hiki kitupe, huyu hajui kazi. Na mimi nilikuwa nikisimama mbele ya manahodha wa umri wa baba yangu, wengine wamenijua nikiwa tumboni. Utamwambiaje mzee wa watu kwamba hajui kazi? Nikawa nalainisha. Yeye anasema, "Mwambie huu ni uchafu," mimi nasema, "Mzee, bwana anaomba hapa pafagiliwe kidogo." Yeye anasema, "Mwambie amenidanganya," mimi nasema, "Mzee, bwana anadhani labda hamkufahamiana." Wazee wakampenda. Wakasema Muhindi huyu ana adabu, hajapata kuja mgeni mwenye adabu kama huyu. Yeye akashangaa mbona watu wa Pemba wanampokea vizuri hivi wakati kila siku anawagombeza. Na mimi katikati nikajiona nimefanya kazi njema, nimewapatanisha. Nilijivuna, mwanangu. Hilo sikufichi.

Miezi ikapita hivyo. Mara nyingi hapakuwa na madhara. Pakafagiliwa, pakapakwa rangi, maisha yakaenda.

Siku moja ikaja zamu ya chombo cha mjomba wangu, Nahodha Faki. Wewe hukumkuta akiwa na nguvu zake. Ndiye aliyenilea baada ya babu yako kufariki, ndiye aliyenipeleka skuli siku ya kwanza akinishika mkono, na watu walipomwambia mtoto wa kike kasoma inatosha sasa, ndiye aliyesema haijatosha. Chombo kilikuwa cha bati, cha mizigo, kikienda Tanga na kurudi. Siku hiyo kilikuwa kimepakia nazi na watu wachache wa kuomba nafasi, kinangoja maji ya asubuhi.

Tulishuka. Bwana Pillai aligonga mara ya kwanza, mimi nikasikia. Akagonga tena mbele zaidi, ule mlio wa mafua. Akashuka hadi ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, akakuta maji yamefika kwenye kifundo cha mguu na pampu ya kuyatoa imekufa, imefungwa kwa kitambaa. Fundi wa mashine, Khatibu, alikuwa amechutama pale na bisibisi mdomoni. Akatuambia anaitengeneza. Bwana Pillai akaizima tochi. Akapanda juu, akasimama mbele ya mjomba, akaniambia mimi, pole pole ili nisikose hata neno:

"Mwambie chombo hiki hakiondoki. Si leo, si kesho, wala kikiwa kitupu. Hakiondoki mpaka mimi nirudi nikigonge tena. Akiondoka, namnyang'anya cheti na hatashika usukani tena. Mwambie namkataza."

Mjomba alikuwa amekaa juu ya gunia, kofia yake ya kiua kaivua anajipepea. Watu wake wote wanamtazama. Akanitazama mimi kwa tabasamu, kama alivyokuwa akinitazama nikitoka skuli. "Haya mwanangu, kasemaje Muhindi wako?"

Ningemwambiaje mbele ya watu wake? Mimi, niliyekula mkononi mwake?

Nikasema, "Shikamoo tena mjomba. Bwana anasema chombo kina kasoro kidogo huko chini. Ingekuwa vyema mkapumzika, mkaitazama pampu, kisha mkaona."

"Vyema," akasema mjomba. "N'tatazama. Mwambie ahsante."

Bwana Pillai akaniuliza, "Umesema yote?"

Nikajibu, "Ndiyo, bwana."

Akaandika kwenye kitabu chake, tukateremka. Njiani akaniambia kwamba ameona aibu kumkemea mjomba wangu, lakini mzee kapokea kiungwana sana. Nikasema ndiyo, mjomba wangu ni muungwana.

Waliondoka na maji ya asubuhi. Walikuwa wamepumzika kama walivyoambiwa, na Khatibu alikuwa ameiamsha pampu ikapiga kidogo. Kabla ya adhuhuri bati likafunguka. Wakakumba maji kwa ndoo, wakatosa nazi baharini, na Khatibu akashuka ngamani kuishughulikia pampu. Wavuvi wa Msuka waliwaona, wakawaokoa wote waliokuwa juu. Khatibu hakupanda. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mkewe, Mize, alikuwa na mimba.

Ndiyo, Nasra. Bi Mize huyo huyo unayekunywa chai yake sasa hivi.

Baada ya maziko ya mtu asiye na mwili, pakakaa kikao cha uchunguzi. Chumba cha mikutano, meza ndefu, feni moja. Mjomba akaulizwa kwa nini aliondoka na chombo kilichokatazwa. Akasimama, mnyonge, akasema, "Miye sikukatazwa. N'liambiwa itakuwa vyema tukipumzika. Tukapumzika. Asubuhi nkaondoka." Na hakusema uongo hata neno moja.

Bwana Pillai akasema, "Nilimkataza. Nimeandika." Wakasoma kitabu chake. Kimeandikwa kwamba nahodha amekatazwa kwa mdomo, kupitia mtafsiri. Basi wakanigeukia mimi.

Nimeusimamisha wakati ule kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Kushoto amekaa mjomba, nyuma yake wazee wa mtaa, nyuma yao bibi yako amejifunika mpaka machoni. Kulia yuko mgeni mmoja na mkoba wake wa kamba. Wakaniuliza: mtaalamu alisema nini hasa? Nikisema ukweli, mjomba hana kosa, na kosa lote ni langu, nimemuua mtoto wa watu kwa adabu. Nikisema vingine, kosa linamwangukia mgeni, na sisi tunarudi majumbani.

Nikasema, "Bwana alisema ingekuwa vyema wapumzike, waitazame pampu."

Hakuna aliyemtafsiria. Mtafsiri nilikuwa mimi. Lakini alikuwa amekaa nasi mwaka na nusu, na neno "pumzika" alilijua, maana alikuwa akiambiwa kila siku mchana. Alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyolitazama bati akishaligonga. Kisha akafunga kitabu chake.

Iliandikwa kwamba mtaalamu hakutoa amri ya wazi. Mkataba wake ukakatishwa, na barua ikatangulia kwao kabla yeye hajafika. Mtu aliyekuwa akikaa nyuma ya kibao cha nchi yake akarudishwa chumba cha majalada, hakutumwa tena mahali, hakupanda tena, akakaa humo mpaka alipostaafu. Hayo hakuniandikia yeye. Aliniandikia binti yake mkubwa mara moja tu, mistari mitatu, na hakunilaumu kwa kuwa hakuambiwa kitu.

Siku ya kuondoka aliniita. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa, na naapa ningefurahi kutukanwa. Akanipa nyundo. Akasema, "Sikio lako ni zuri. Watakuhitaji." Basi. Nikapokea kwa mikono miwili, kwa adabu zangu zote.

Walinitaka niwe mkaguzi, Nasra. Mara mbili. Nikakataa, nikasema mama mzee, mume yuko mbali, sababu za watu. Nikaomba masjala. Nikasema karatasi haina uso. Ikanijia baadaye kwamba jalada la kikao kile nalo limehifadhiwa humo humo, na kwa hivyo miaka yote hii nimekuwa mlinzi wake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunateremsha majalada, tunapangusa vumbi, tunarudisha. Nimeupangusa uongo wangu kwa kitambaa safi miaka yote, na kuurudisha mahali pake. Watu wakinisifu mtaani, Bi Zuwena ana adabu, Bi Zuwena hana neno na mtu, nainamisha kichwa naharakisha njia.

Marehemu baba yako nilimwambia. Alisema yaliyopita yamepita, tusimfufulie mjomba aibu ya kifo kile. Nikashukuru kupata pa kujificha. Usimlaumu. Alikuwa akinionea huruma.

Mjomba mwenyewe alikuja kusema akiwa kitandani, wiki ya mwisho. Nilikuwa namlisha uji. Akausukuma mkono wangu, akasema, "Zuwena, miye n'lifahamu."

Nikamwambia anyamaze, asijichoshe.

"N'lifahamu siku ile. Uso wa yule ntu n'liuona. Ntu haji na uso ule kukwambia upumzike. Lakini weye uln'fungulia mlango, nami nkapita. Nazi za watu zilikuwa zaoza, yakhe. Nkajitia sikufahamu."

Nililia mpaka uji ukapoa. Nilidhani nimemlinda. Kumbe nilimpa pa kukimbilia, na yeye akabaki huko peke yake miaka ishirini, hana wa kumwambia, wala mimi sina. Tulikuwa tukikaa baraza moja kila Ijumaa tukiulizana hali.

Hata baada ya hapo sikusema kitu. Nilichoka, nikajizoesha kuchoka. Ulipokuja wewe na barua yako ya kukubaliwa, ukiruka ruka ukumbini, chuo ni Kochi, ndipo nikajua nimefika mwisho wa njia. Nilimwandikia Bwana Pillai kumwomba akutazame tu kwa mbali. Akajibu kwa mkono unaotikisika: mtoto wa Zuwena hawezi kukaa bweni wiki ya kwanza, atakaa kwangu. Nilisoma nimesimama, nikaisoma tena.

Basi wiki iliyopita nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilikwenda ofisini nikiwa mstaafu, nikakaa kwenye benchi la wageni kama wageni wengine. Nikatoa maelezo yangu yaliyoandikwa na kutiwa saini, nikawaelekeza jalada liko rafu gani, wakayatia humo mbele ya macho yangu. Karani wa sasa, binti mzuri tu, akagonga muhuri, akaniuliza, "Chombo gani hicho, Bi? Kipo bado?" Mkubwa wao ameahidi kwamba nakala itapelekwa serikalini kwao Bwana Pillai. Mimi ahadi za ofisi nazijua, nimeziandika mwenyewe. Lakini angalau siku nyingine akilipangusa mtu, atapangusa na ukweli ndani yake.

La pili, nilikwenda Gando. Bi Mize alikuwa anachambua karafuu, sikumkatiza, nikakaa jamvini tukachambua pamoja, na nikamwambia huku mikono inafanya kazi. Nilimwambia yote. Hakusimama, hakupiga kelele. Alimaliza fungu lililokuwa mbele yake, akalisukuma upande, akasema, "Miye eda yangu ilikwisha siku nyingi. Kumbe weye hujatoka kwenye yako."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi n'takupa siku n'kiwa nayo. Leo sina. Lakini n'letee mtoto aje kuniaga."

Ndiyo maana nikakutuma peke yako leo, na ndiyo maana sijui utarudi na sura gani. Huenda amekwambia. Huenda amekulisha tu. Lolote atakalolifanya ni haki yake.

Nasra, wewe una ulimi wangu. Nimekuona ukimwambia jirani kwamba mbuzi wake amekula mboga zetu, ukamsifu mbuzi kwanza. Nilicheka, na nikaogopa. Siku moja utakuwa umesimama gatini na karatasi mkononi, na mbele yako mtu aliyekuzidi umri, labda mtu wa kwenu, labda mtu mwema sana, na chombo chake hakifai. Sikuambii uiache adabu. Msalimie. Muulize wazima nyumbani, busu mkono wake ukitaka. Kisha umwambie hakiondoki, na neno hilo ulitoe zima kama lilivyo, na akikununia usikimbilie kulifuta. Kununiwa nimekuogopa maisha yangu yote, na sasa nakwambia, mwanangu, hata hakuumi hivyo. Nilichofanya mimi ndicho kinachouma.

Sasa ombi langu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, nimeikunja mara nne. Ni ya Bwana Pillai. Nilijaribu kumwandikia kwa Kiingereza, sijui mara ngapi, na kila mara ilitoka na yale maneno ya ofisini: palitokea hali ya kutoelewana, huenda tafsiri haikukaa sawa. Kiingereza changu kimeshazoea kupaka mafuta. Kwa hivyo nimeandika kwa Kiswahili, lugha niliyomkosea kwayo, na nakuomba wewe umtafsirie. Si siku ya kwanza, mwache akufurahie kwanza. Lakini isipite wiki.

Mkalie karibu kwa sababu hasikii vizuri. Soma pole pole. Usianze na labda. Usimwambie mama amezeeka, mama anaumwa, mama alikuwa mdogo. Akilia mwache alie, akikasirika mwache akasirike, usiniokoe. Akikutoa nyumbani kwake, toka kwa heshima uende bweni, na usimchukie.

Karatasi ina maneno machache tu, nayaandika na hapa ili usije ukayakuta ghafla:

"Bwana Pillai, ulisema chombo kisiondoke. Nilikusikia. Sikumwambia. Waliponiuliza kikaoni nilisema uongo, na wewe ukaubeba."

Ukimaliza, najua atakachokuuliza, kwa sababu ndicho alichokuwa akiniuliza mimi kila mara. Atakuuliza, "Umesema yote?"

Mimi nilimjibu ndiyo. Na wewe mjibu ndiyo, mwanangu, lakini yako iwe kweli.

Mama yako,
Zuwena
Wawi